Mwalimu wa Misheni na Mlango wa Siasa: Pugu Ikitazamwa kutoka Kambove

Kambove ni mji wa migodi ulioko kaskazini-magharibi ya Likasi, katika sehemu ya Katanga ambayo tangu mwaka 2015 ni mkoa wa Haut-Katanga. Shaba ya huko ilichimbwa na wenyeji kabla ya Wazungu kufika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliufanya mgodi huo kuwa mmojawapo wa migodi yake ya mwanzo, na reli ikafika Kambove mwaka 1913. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliacha desturi ya kuajiri watu kwa miezi michache na kuwarudisha makwao; ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Watu wa Kasai, wa Lomami na wa Ruanda-Urundi wakakutana katika kambi hizo, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Kwa kuwa palikuwa na watoto palikuwa na shule, na kwa kuwa palikuwa na shule palikuwa na mwalimu.

Mwalimu huyo anamhusu kila anayejiuliza jinsi walimu wa Afrika Mashariki na Kati walivyoingia katika siasa za taifa. Alilelewa na misheni, akafundisha katika shule ya misheni, akaheshimiwa na wazazi, na mara nyingi alikuwa miongoni mwa wachache kambini walioweza kuandika barua kwa niaba ya wengine. Katika mambo hayo yote hakutofautiana sana na mwalimu wa shule ya misheni ya Tabora, Dodoma au Pugu katika Tanganyika ya wakati huo. Hata hivyo, mwalimu mmoja wa Pugu aliondoka darasani mwaka 1955 na baada ya miaka sita akawa Waziri Mkuu wa nchi huru, wakati mwenzake wa Kambove hakuwa na chama cha kitaifa cha kujiunga nacho hata kama angetaka. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo haikutokana na ushujaa wa mmoja na woga wa mwingine. Chanzo chake ni jambo la kawaida sana, nalo ni nani aliyemlipa mwalimu mshahara, na mlipaji huyo alisimama umbali gani na serikali.

Mwajiri na mwanasiasa

Yafaa kuanza na ukweli unaosahauliwa mara kwa mara, kwamba siasa ya Tanganyika ilianzishwa kwa sehemu kubwa na waajiriwa. Chama cha African Association kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu, Cecil Matola, na katibu wake alikuwa Kleist Sykes. Walimu, makarani na waganga ndio waliokuwa na kalamu, nao wengi walikuwa watumishi wa serikali. Muda wote ambao chama kilijishughulisha na ustawi wa Waafrika bila kudai utawala, serikali ilivumilia. Mambo yalibadilika baada ya Vita Vikuu vya Pili, chama hicho, ambacho sasa kiliitwa Tanganyika African Association, yaani TAA, kilipoanza kuzungumzia ardhi, uwakilishi na katiba.

Mfano ulio wazi ni wa Daktari Vedasto Kyaruzi. Alichaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1950, naye alikuwa daktari wa serikali Dar es Salaam. Hakufungwa wala hakushtakiwa. Alipewa uhamisho tu, kwanza Kingolwira karibu na Morogoro, kisha Nzega, mbali kabisa na makao makuu ya chama. Mtumishi wa serikali hana hoja ya kupinga uhamisho, na rais aliye Nzega hawezi kuongoza mkutano wa jioni katika Mtaa wa New Street. Baadaye serikali iliona kwamba kuhamisha mtu mmoja mmoja hakutoshi. Mwaka 1953 ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Kwa waraka huo mmoja, sehemu kubwa ya Waafrika waliosoma iliwekwa nje ya siasa.

Ni katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndipo mwalimu wa misheni alipoonekana. Hakuwa mtumishi wa serikali. Mshahara wake, ingawa kwa kiasi fulani ulitokana na ruzuku ya serikali kwa shule za misheni, ulitoka mkononi mwa mapadre au mapastori. Waraka haukumtaja. Ufa huo mdogo katika ukuta wa sheria ndio uliopitisha mtu.

Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa ameuchagua upande huo wa ukuta kabla hata ukuta wenyewe haujajengwa. Alipomaliza stashahada ya ualimu katika Chuo cha Makerere mwaka 1945, milango miwili ya ajira ilikuwa wazi kwake mjini Tabora. Mmoja ulikuwa wa shule ya serikali, alikosoma yeye mwenyewe tangu mwaka 1937. Mwingine ulikuwa wa St. Mary's, shule ya Mapadre Weupe. Kazi ya serikali ilikuwa na pensheni, na alidokezewa kwamba miaka atakayotumikia misheni haitahesabiwa katika pensheni hiyo. Akaenda St. Mary's. Wakati huo, mwaka 1946, hapana aliyeweza kusema kwamba uamuzi huo ungekuwa na maana ya kisiasa. Ulionekana kuwa uamuzi wa Mkatoliki kijana mwenye hasira kidogo. Alifundisha bayolojia na historia, na nje ya saa za shule alishiriki katika tawi la TAA la Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili katika sanaa.

Mwanzoni mwa mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, akaanza kazi katika shule ya St. Francis, Pugu, iliyoendeshwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Pugu iko kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Umbali huo una maana yake katika habari hii. Kama angepangiwa shule ya Bukoba au Songea, mwalimu huyu angebaki kuwa mwandishi wa barua kwa makao makuu. Kutoka Pugu aliweza kufika mjini mwisho wa juma, akahudhuria mkutano, akarudi kabla ya kengele ya Jumatatu. Mwezi wa Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA, akimshinda Abdulwahid Sykes, mwana wa yule Kleist wa mwaka 1929. Mwaka huohuo waraka wa serikali ukatolewa. Rais mpya aliweza kuendelea na kazi zote mbili. Wengi waliomchagua walilazimika kujificha nyuma ya majina ya wengine.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa Tanganyika African National Union, TANU, na rais wake alikuwa bado anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Mwaka huo pia alikalia kwa muda kiti cha Baraza la Kutunga Sheria kwa niaba ya Chifu David Makwaia, aliyekuwa katika Tume ya Kifalme ya ardhi ya Afrika Mashariki. Msomaji wa leo aweza kustaajabu kwamba serikali ileile iliyompiga marufuku karani wa posta kujiunga na TANU ilimkaribisha barazani rais wa TANU. Lakini ndivyo ufa ulivyokuwa: sheria iligusa ajira, haikugusa fikra.

Machi 1955

Tanganyika haikuwa koloni kwa maana kamili ya sheria. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza iliwajibika kutoa hesabu ya utawala wake mbele ya Baraza la Udhamini, New York. Kila miaka mitatu ujumbe wa Baraza ulitembelea nchi. Wameru walikwisha kuutumia mlango huo mwaka 1952, walipomtuma Japhet Kirilo kwenda kueleza jinsi walivyoondolewa katika ardhi yao. Ujumbe wa mwaka 1954 ulipopendekeza kwamba Tanganyika iweze kujitawala katika muda wa miaka kati ya 20 na 25, serikali ya Uingereza ilichukizwa. TANU ikachanga fedha, John Rupia akiwa miongoni mwa waliosaidia sana, na mwalimu wa Pugu akapanda ndege. Tarehe 7 Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza.

Aliporudi, ufa ulikuwa umezibwa. Misheni haikuwa idara ya serikali, lakini iliihitaji serikali kwa ruzuku, kwa ukaguzi na kwa vibali, na haikuweza kujifanya haioni kwamba mwalimu wake amekuwa mtu wa habari za kimataifa. Alitakiwa kuchagua. Yeye mwenyewe alizoea kusema baadaye kwamba ualimu aliuchagua, siasa ilimtokea. Siku chache baada ya kurudi kwake aliandika barua ya kujiuzulu.

Waandishi wengi wa habari za TANU hupita hapa kwa sentensi moja, kisha huendelea na mikutano mikubwa ya Jangwani. Inafaa kusimama kidogo. Mwezi huo wa Machi 1955 mtu mwenye shahada, mke na watoto wadogo alikuwa hana mshahara, hana nyumba ya shule, wala hana pensheni, kwa kuwa ile ya serikali aliiacha Tabora mwaka 1946. Chama hakikuwa na fedha za kumlipa. Alirudi kwao upande wa Musoma na kukaa huko miezi kadhaa, akiwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri maandiko ya dini katika lugha hiyo. Kwa hiyo hata baada ya kuacha kazi ya misheni, riziki yake iliendelea kutoka kwa misheni, na kwa kazi ya lugha. Oktoba 1955 alirudi Dar es Salaam kuwa mtu wa TANU kwa muda wake wote. Familia ilikaa Magomeni, ambako mkewe aliendesha duka dogo. Gharama ya kuingia katika siasa ililipwa pia na mtu ambaye hakusimama jukwaani.

Nyerere hakuwa peke yake. Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mkuu wa TANU katika miaka hiyohiyo, alitoka katika kazi ya kufundisha Dodoma, katika Alliance, nayo ilikuwa shule ya misheni. Kulinganisha na Kenya kunazidi kuonyesha uzito wa suala la mwajiri. Huko mwalimu Eliud Mathu aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944 kwa kuteuliwa na Gavana. Oktoba 1955, miezi saba tu baada ya barua ya Pugu, Daniel arap Moi, aliyekuwa mwalimu Tambach, aliingia baraza hilo kujaza nafasi ya Daktari John ole Tameno. Mlango wa Kenya ulifunguliwa kutoka ndani, na serikali ikashika kitasa. Mwalimu aliyeingia kwa njia hiyo hakulazimika kukosana na mwajiri wake siku hiyo, bali alidaiwa uaminifu wa namna nyingine.

Shule ilirudi katika siasa za Tanganyika kwa njia ya pili. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 mtu alipewa haki ya kupiga kura kama alikuwa amefika darasa la nane, au alikuwa na pato la pauni 150 kwa mwaka, au alishika cheo fulani kilichotajwa. Isitoshe, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi katika TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Nyerere aliwashawishi kushiriki, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuunda chama chake. Sharti la darasa la nane lilikusudiwa kuwa kizuizi. Lakini waliofika darasa la nane walifundishwa na nani, kama si na walimu wa shule za misheni na za wilaya? TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda.

Kambove: kampuni, kanisa na serikali

Tukirudi Katanga tunakuta ukuta usio na ufa. Katika Kongo ya Wabelgiji elimu ya Waafrika ilikuwa karibu yote mikononi mwa misheni za Kikatoliki, zilizopewa ruzuku kwa mkataba na serikali tangu miaka ya 1920. Shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika zilianza kwa dhati mwaka 1954 tu, Auguste Buisseret alipokuwa Waziri wa Makoloni. Katika kambi za Union Minière mhusika wa tatu aliongezeka. Kampuni ilijenga shule na kuigharimia, mapadre wakaiongoza, na serikali ikatambua vyeti vyake. Mwalimu wa kambini alikaa katika nyumba ambayo si yake, katika mtaa ulio mali ya kampuni, na watoto aliowafundisha walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo. Kama angetofautiana na mmoja kati ya hao watatu, hapakuwa na wa pili wa kumkimbilia. Nyerere alipokosa mshahara wa Pugu alipata kazi kwa mapadre wengine. Mtu wa kambi ya mgodi aliyefukuzwa alipoteza kazi na paa kwa siku moja.

Kumbukumbu ya jambo hilo haikuwa ya kubuni. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi waligoma Likasi, ambayo Wabelgiji waliiita Jadotville, pamoja na sehemu nyingine za Haut-Katanga. Tarehe 9 Desemba askari walifyatua risasi juu ya umati wa wagomaji Elisabethville, na Léonard Mpoyi, msemaji wao aliyejua kusoma na kuandika, akawa miongoni mwa waliouawa. Mtu aliyesoma katika mji wa migodi alijua gharama ya kuwasemea wengine.

Wala hapakuwa na New York. Kongo ilikuwa koloni kamili. Baraza la Udhamini lilihusika na Ruanda-Urundi, si na Katanga. Chama cha siasa hakikuruhusiwa. Kilichoruhusiwa ni vyama vya wanafunzi wa zamani wa mapadre, vyama vya watu wa kabila moja na vyama vya utamaduni, na siasa ya Kongo ilizaliwa humo. Joseph Kasa-Vubu, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza mwaka 1960, aliwahi kuwa mwalimu wa misheni. Lakini aliacha ualimu mapema, akawa karani wa serikali, na siasa aliiingia kupitia ABAKO, chama kilichoanzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya kuilinda lugha ya Kikongo. Wanafunzi wa isimu wasilipuuze jambo hili. Pale ambapo mtu hakuweza kudai nchi, aliweza kudai lugha, na lugha ilibeba dai la nchi ndani yake. Kiswahili cha Katanga hakikuweza kutumika hivyo. Kilikuwa lugha ya wote na ya kazini, kwa hiyo hakikuwa lugha ya chama cha kabila lolote.

Wakazi wa Jadotville walipiga kura kwa mara ya kwanza Desemba 1957, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji uliofanywa pia Léopoldville na Elisabethville. Siasa iliyoruhusiwa iliishia katika mipaka ya mji. Wakati huo TANU ilikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu, na matawi nchini kote. Vyama vya Kongo vilivyotaka kusema kwa ajili ya nchi nzima, au mkoa mzima, vilikuja mwaka uliofuata: CONAKAT ya Katanga na Mouvement National Congolais ya Patrice Lumumba, zote mbili katika Oktoba 1958. Kutoka hapo hadi uhuru wa Juni 1960 ni miezi ishirini. Mwalimu hawezi kujenga chama kwa muda ambao haumtoshi kuwafikisha wanafunzi wake darasa la nane.

Yuko mwalimu mmoja wa Katanga aliyefika serikalini kwa haraka hiyo. Joseph Kiwele alikuwa mwalimu wa muziki na mtunzi Elisabethville, mtu wa kwaya na wa kanisa. Katanga ilipojitenga Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, yeye ndiye aliyetunga wimbo wake wa taifa, akawa Waziri wa Elimu. Alifariki mwaka 1961, na dola aliyoitungia wimbo haikutambuliwa na nchi yoyote. Ilimalizika Januari 1963. Hakuwa na muda wa kuuliza ni taifa gani analoliingia.

Matokeo ya njia hizi mbili yamebaki hata katika msamiati. Nchini Tanzania, neno Mwalimu likiandikwa kwa herufi kubwa bila jina baada yake, kila msomaji anajua ni nani anayetajwa. Cheo cha darasani kilipanda hadi Ikulu na hakikushushwa mwenyewe alipong'atuka mwaka 1985. Eneo la Likasi nalo limetoa rais. Laurent-Désiré Kabila, ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa alizaliwa Jadotville mwaka 1939, alipita katika vita vya msituni upande wa Fizi, akaishi miaka mingi Tanzania, akaingia Kinshasa mwaka 1997. Raia wake walimwita Mzee.